Kabla Shahidi Hajapanda Kizimbani

Mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kanuni za gwaride la utambuzi katika shauri la Mwango. Mtuhumiwa asimamishwe kati ya watu wasiopungua 8 wanaolingana naye, kadiri inavyowezekana, kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe pa kusimama, na akitaka ahame kila shahidi anapomaliza. Mashahidi wasiwasiliane. Afisa anayepeleleza kesi anaweza kuwapo, lakini asiwe ndiye anayeendesha gwaride. Na shahidi aambiwe kwamba ataonyeshwa kundi la watu ambamo mtu anayeshukiwa huenda yumo, huenda hayumo.

Kanuni hiyo ya mwisho ilisubiri miaka 45 kabla ya kupimwa ipasavyo. Mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roy Malpass na Patricia Devine, walipanga kisa cha uharibifu wa mali mbele ya wanafunzi, kisha wakawaonyesha baadhi yao mstari wa watu ambao mhalifu hakuwamo. Kati ya walioelekezwa kwa maneno yanayodokeza kwamba mhalifu yumo, asilimia 78 walimnyooshea kidole mtu asiye na hatia. Kati ya walioambiwa wazi kwamba wanaweza kusema hayumo, waliokosea hivyo walikuwa asilimia 33. Kisa kilikuwa kimoja na mstari ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika maelekezo tu.

Mjadala wa saikolojia na sheria mara nyingi huendeshwa kana kwamba kuna wanasayansi wanaojua ukweli kuhusu kumbukumbu na mahakimu ambao hawajausikia. Katika ukanda wetu haikuwa hivyo. Mwaka 1953, katika shauri la Abdala bin Wendo, majaji wa rufani walionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja pale ambapo mazingira yalikuwa magumu. Mwaka 1967, katika shauri la Roria, onyo likarudiwa. Uganda wakalifafanua katika shauri la Nabulere la mwaka 1979. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatoa uamuzi ambao leo kila mwanafunzi wa sheria anaujua kwa jina, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine na ni wa kutegemewa kidogo mno, na kwamba mahakama isiutumie mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Kisha ikataja mambo ya kuulizwa: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, mchana au usiku, na je, alikuwa akimfahamu au amewahi kumwona kabla?

Ni maswali mazuri. Hukumu zilizofuata ziliyatia makali zaidi. Katika shauri la Issa Mgara, kwa mfano, mahakama ilikataa kuridhika na kauli kwamba taa ilikuwa inawaka. Ilitaka kuelezwa chanzo cha mwanga na ukali wake, hata pale shahidi anaposema alimjua mtu yule. Mtu aliyewahi kuamka usiku wa manane kwenye nyumba yenye koroboi moja anajua tofauti kati ya kuona kwamba kuna mtu na kuona ni nani.

Lakini yasome tena maswali hayo. Yote yanahusu usiku wa tukio: muda, umbali, mwanga, kufahamiana. Hakuna linalouliza yaliyompata shahidi kati ya usiku ule na asubuhi anayopanda kizimbani, kipindi kinachoweza kuwa cha miezi 8, au miaka 3. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Gary Wells aligawa sababu za makosa ya mashahidi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo dola haiwezi kuyabadili, kama giza, woga, au bunduki iliyomkodolea shahidi. Fungu la pili ni yale yaliyo mikononi mwa dola yenyewe: jinsi shahidi alivyohojiwa, picha alizoonyeshwa, mpangilio wa gwaride, maneno ya afisa baada ya gwaride. Nikiyapanga maswali ya Waziri Amani kwa mizani ya Wells, yote yanaangukia fungu la kwanza. Sheria yetu inauchunguza vizuri usiku. Miezi inayofuata inaichunguza kidogo mno, na humo ndimo saikolojia ina mengi ya kutuambia.

Ubaya wa miezi hiyo unatokana na jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu hushika kasi mapema: mengi hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha mporomoko hupungua. Lakini kusahau si tatizo kubwa mahakamani, kwa kuwa shahidi aliyesahau husema amesahau. Tatizo kubwa zaidi alilionyesha Frederic Bartlett wa Cambridge katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, wakaisimulia upya tena na tena, na kila mara ikazidi kufanana na hadithi za kwao. Mambo yasiyowaingia akilini yaliachwa au yalinyooshwa. Bartlett huyohuyo alisimulia habari za mchungaji wa Kiswazi aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao, alama zao na bei, kwa makosa madogo tu. Mifano hiyo miwili haipingani. Akili hushika kwa uthabiti kile inachokijua kwa undani na kukijali, na kisichoeleweka hukijaza kwa kubuni bila mwenyewe kuhisi kwamba anabuni.

Aliyeonyesha kwamba anayebuni anaweza kuwa muulizaji ni mwanasaikolojia Elizabeth Loftus. Mwaka 1974, yeye na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari na kuwauliza yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana, maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kupondana, watu 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la kugongana kwa kawaida, 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Sasa fikiria mahojiano ya kawaida kituoni. Mpelelezi anauliza, "Yule mwenye panga alikuwa amevaa nini?" Shahidi hajataja panga. Ameulizwa nguo na atajibu nguo, lakini kuanzia hapo panga limo ndani ya kisa. Akija kuulizwa mahakamani ataapa kwamba aliliona, naye hatakuwa anasema uongo kwa maana ya kukusudia kudanganya.

Jambo hili huwasumbua watu wengi, kwa sababu tumezoea kugawa mashahidi katika makundi mawili, wakweli na waongo. Mfumo mzima wa kumhoji shahidi wa upande wa pili umejengwa juu ya mgawanyo huo: wakili humbana shahidi mpaka uongo utoke. Shahidi mkweli aliyekosea haonyeshi dalili za uongo. Hababaiki wala hakwepi macho ya hakimu. Mwenendo wake kizimbani, ambao mahakama za rufani hutuambia kwamba ni aliyesikiliza kesi tu ndiye anayeweza kuupima, hauna la kutufundisha hapo.

Kumtambua mtu usiyemjua ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake waliwapa Waingereza picha 40 za sura na kuwaomba wazipange kwa mafungu, kila mtu na fungu lake. Picha zilikuwa za wanawake wawili tu, watu maarufu wa Uholanzi. Waingereza, ambao hawakuwajua, walidhani kwa wastani kwamba kuna watu 7 au 8. Waholanzi waliowafahamu walipanga mafungu mawili karibu bila kosa. Hakuna aliyekuwa na woga, hakuna giza, na picha zilikuwa mkononi, za kutazamwa kwa muda wowote mtu aliotaka. Sura ya mgeni hubadilika kwa mwanga, kwa pembe, kwa kunyoa ndevu. Sura ya jirani tumeiona katika hali zote hizo, kwa hiyo haitupotezi.

Kwa hoja hiyo mahakama zetu ziko sahihi zinaposema kwamba kumtambua mtu unayemfahamu kuna uzito kuliko kumtambua mgeni. Kenya walilisema hilo mwaka 1980 katika shauri la Anjononi. Hata hivyo kuna kundi la tatu ambalo sheria hulisukuma upesi mno upande wa wanaofahamiana. Ni pale shahidi anaposema, "Namfahamu kwa sura, huwa namwona pale stendi." Huyo hamjui mtu yule kama anavyomjua jirani. Ameona sura ile mara chache, labda kwa mbali, labda akiwa na shughuli nyingine, na haijui kwa jina. Hatari yake ni ya pekee: sura aliyokwisha kuiona sokoni au kijiweni inaweza kumjia akilini kama sura ya usiku ule, kwa sababu hisia ya "huyu nimemwona" hudumu hata pale kumbukumbu ya "nimemwona wapi" imekwisha kupotea. Hakimu anayesikia neno "namfahamu" angeuliza: mara ngapi, kwa karibu kiasi gani, mmewahi kuongea, jina lake ulilijua kabla ya tukio au baada yake? Mara nyingi jina hujulikana baada.

Kuhusu woga sitakaa sana, ingawa ndilo jambo ambalo watu hulibishia zaidi. Mhanga husema sura ile haitatoka kichwani mpaka anaingia kaburini, na anamaanisha anachosema. Charles Morgan na wenzake walifuatilia mamia ya askari wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya kustahimili kutekwa, waliohojiwa ana kwa ana kwa takriban nusu saa au zaidi. Katika utafiti wao wa mwaka 2004, wale waliohojiwa kwa vitisho na nguvu waliwatambua waliowahoji kwa uchache kuliko waliohojiwa bila kutumiwa nguvu. Hawa walikuwa askari wenye mafunzo, na sura ilikuwa mbele yao muda wote. Silaha nayo huvuta macho, kwa hiyo shahidi anaweza kuieleza bastola kwa usahihi wa kushangaza na asiwe na la kusema juu ya aliyeishika.

Turudi kwenye miezi. Mwezi Julai 1984 huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi aitwaye Jennifer Thompson alibakwa na mtu aliyeingia nyumbani kwake usiku. Alijitahidi kuikariri sura ile ili amtie mbaroni. Siku chache baadaye polisi walimpa picha 6. Alizitazama kwa takriban dakika 5, akasema anadhani ni huyu, akiionyesha picha ya Ronald Cotton. Katika gwaride lililofuata, kati ya wote aliokuwa ameona kwenye picha ni Cotton peke yake aliyekuwapo. Alimchagua tena, polisi wakamhakikishia kwamba ndiye yule wa kwenye picha. Mwaka 1985 mahakamani hakuwa na shaka hata chembe. Mwaka 1987 kesi iliposikilizwa upya aliletwa mtu mwingine ambaye gerezani ilisemekana amekiri kutenda kosa hilo. Thompson alimtazama, akasema hajawahi kumwona maishani mwake. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mhalifu alikuwa mtu huyo wa pili. Cotton alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka 10. Yeye na Thompson wamekuja kuandika kitabu pamoja, na ushuhuda wao ulichangia jimbo hilo kupitisha sheria mpya ya taratibu za utambuzi mwaka 2007.

Kwa maswali ya Waziri Amani, Thompson angepita. Alikuwa karibu na mhalifu, kwa muda wa kutosha, naye alijitahidi kumwona. Kosa lilikomaa baadaye, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa mikononi mwa polisi wasiokuwa na nia mbaya. Sura ya Cotton kwenye picha iliichukua nafasi ya sura ya usiku ule, mpaka mhalifu halisi alipoletwa hakukuwa na mahali pa kumweka.

Mwaka 1998 Wells na Amy Bradfield walifanya jaribio ambalo naliona kuwa muhimu kuliko mengine yote kwa mahakama za kwetu. Waliwaonyesha watu mkanda wa kamera ya ulinzi, kisha wakawapa picha za kuchagua ambamo mhalifu hakuwamo. Kila aliyechagua alikosea. Baadhi yao waliambiwa sentensi moja, kwamba vizuri, umemtambua mtuhumiwa. Wengine hawakuambiwa kitu. Kisha wote waliulizwa maswali. Walioambiwa sentensi ile walikuwa na uhakika zaidi, na hilo lilitarajiwa. Lakini pia walisema kwamba waliiona sura vizuri zaidi, kwamba walikuwa makini zaidi wakati wa kutazama, kwamba iliwachukua muda mfupi kuamua. Yaani pongezi ya afisa ilibadilisha majibu ya maswali yaleyale ambayo Waziri Amani inatuagiza tuulize. Hakimu anapouliza, "Ulimwona vizuri?", anadhani anapokea habari za usiku wa tukio. Huenda anapokea mwangwi wa kilichosemwa kituoni wiki mbili baadaye. Kinga aliyoijenga jaji inaweza kuvunjwa kabla jalada halijafika mezani kwake.

Brandon Garrett, profesa wa sheria, alichunguza kesi za watu 250 wa kwanza nchini Marekani waliosafishwa na vinasaba baada ya kutiwa hatiani. Kati yao 190 walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi wa macho. Alipopata kumbukumbu za mwenendo wa kesi 161 kati ya hizo, aliona kwamba katika asilimia 57 mashahidi walikiri kuwa mwanzoni hawakuwa na uhakika. Kufikia siku ya kesi walikuwa nao. Mahakama ya The Hague kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani ilikutana na jambo hilohilo mwaka 2001, ilipofuta hatia za ndugu wa familia ya Kupreškić zilizosimama juu ya utambuzi wa msichana aliyekuwa na miaka 13 wakati kijiji chao cha Ahmići kinashambuliwa na watu waliojipaka rangi usoni. Jopo la rufaa liliwakosoa majaji wa kwanza kwa kuvutwa mno na uhakika wa shahidi.

Je, basi uhakika wa shahidi hauna maana? Hapa wanasaikolojia wenyewe wamebadili msimamo, na inafaa kulisema kwa sababu mawakili wengi wa utetezi hubaki na toleo la zamani. Mwaka 2017 Wells na John Wixted, waliokuwa pande tofauti za mjadala, waliandika pamoja kwamba uhakika unaotamkwa mara ya kwanza kabisa, katika zoezi lililoendeshwa kwa usafi, una uzito mkubwa. Anayesema kwa haraka na bila kusita siku ile ya kwanza kwa kawaida amepatia. Anayesema "nadhani" siku ya kwanza ametuambia jambo la kweli kuhusu kumbukumbu yake. Uhakika wa kizimbani ndio usiopima kitu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililifikia jambo la karibu na hilo kwa njia yake mwaka 2002, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita. Ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho muhimu sana wa kutegemewa kwake, na kuchelewa bila maelezo kuishtue mahakama. Kanuni hiyo huelezwa zaidi kama kipimo cha ukweli wa mtu: kama ulimjua, kwa nini hukumtaja kwa majirani waliokuja kukusaidia? Mimi naiona ina thamani nyingine kubwa zaidi. Jina au maelezo yaliyotolewa usiku uleule ndiyo kumbukumbu pekee ambayo haijapita mikononi mwa wengi. Shahidi aliyesema usiku ule "alikuwa mrefu, ana kovu shavuni" ametupa kitu cha kumlinganisha na mshtakiwa. Shahidi ambaye maelezo yake ya kwanza yanasema tu "nikimwona nitamtambua" ametupa ahadi.

Na mikono mingine siku hizi ni mingi. Zamani shahidi angeweza kumwona mtuhumiwa amekaa kwenye benchi la kaunta kabla ya gwaride, na hilo peke yake lilitosha kuharibu zoezi. Sasa picha ya aliyekamatwa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa kabla hata jalada halijafunguliwa, ikiwa na maelezo chini yake kwamba huyu ndiye jambazi. Shahidi ataingia kwenye gwaride akiwa ameshaitazama sura ile mara nyingi kwenye simu yake, wifi yake ameshaipitisha kwa wenzake, na mtaa mzima umeshahukumu. Gwaride la namna hiyo linaweza kutimiza kila kanuni ya mwaka 1936 na lisipime chochote zaidi ya kumbukumbu ya picha ya simu.

Kuna mahali ambapo Afrika Mashariki ilikaa na swali hili kwa miaka 20, nalo ni Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwasikiliza watu waliokuwa wakikumbuka miezi mitatu ya mauaji miaka mingi baada ya kutokea. Katika hukumu ya Akayesu ya Septemba 2, 1998, majaji walitenga sehemu nzima kwa mambo ya ushahidi: athari za kiwewe kwa kumbukumbu, ugumu wa mashahidi kutaja tarehe, umbali na kusoma ramani, safari ya maneno kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza, na desturi ya masimulizi ambamo aliyoyaona mtu na aliyoyasikia kwa anaowaamini huweza kusimuliwa kwa sauti moja. Walisaidiwa na mtaalamu wa lugha. Hawakusema kwamba kwa sababu hizo mashahidi si wa kuaminiwa. Walichofanya ni kuuliza kila mara: hili uliliona au uliambiwa? Mashahidi, walipoulizwa, walijibu. Tofauti ndogo kati ya maelezo ya awali na ya kizimbani hazikuchukuliwa moja kwa moja kuwa uongo. Hukumu ile inastahili kusomwa na kila hakimu wa wilaya, kwa sababu inaonyesha kwamba kujua udhaifu wa kumbukumbu kunaweza kumsaidia shahidi vilevile kama kunavyomsaidia mshtakiwa.

Nasema hivyo kwa sababu sayansi hii ina upande wa kutisha ikitumiwa ovyo. Loftus mwenyewe ametoa ushahidi kwa upande wa utetezi katika mamia ya kesi, ikiwamo ile ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein mwaka 2020, na wanaharakati wengi wa haki za wanawake hawajamsamehe. Kwetu, ambako Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Selemani Makumba kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana ni wa mwathirika mwenyewe, wakili anaweza kushawishika kusimama na kutamka kwamba kumbukumbu haziaminiki na hivyo binti huyu asiaminiwe. Ni matumizi mabaya ya utafiti. Majaribio niliyoyataja yanatia shaka juu ya utambuzi wa sura ya mgeni, na juu ya mambo ya pembeni yaliyopandwa na maswali. Hayasemi kwamba mtu husahau kama alibakwa. Na pale anayeshtakiwa ni mjomba, mwalimu au mpangaji wa chumba cha pili, utambuzi wa sura haupo kabisa katika shauri.

Kwa watoto hali ni hiyohiyo. Kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko California ilianza mwaka 1983 na kuisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, baada ya mamia ya watoto kuhojiwa kwa maswali ya kushinikiza na kurudiwarudiwa. Stephen Ceci na Maggie Bruck walionyesha jinsi watoto wadogo wanavyoweza kupandikizwa kisa kizima kwa mtindo huo. Utafiti huohuo unaonyesha pia kwamba mtoto aliyeachwa aeleze kwa maneno yake, kwa maswali ya wazi kama "nieleze ilikuwaje", husema mambo ya kweli, ingawa machache. Aliyekuwa wa kutiliwa shaka zaidi katika chumba cha mahojiano ni mtu mzima aliyekuwa anauliza.

Je, tuite wanasaikolojia mahakamani? Hugo Münsterberg wa Harvard aliwashambulia wanasheria mwaka 1908 kwa kukataa sayansi yake, na mwaka uliofuata John Henry Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi, akamjibu kwa makala ya kumsuta: utafiti wenyewe uko wapi? Alikuwa na haki. Utafiti ulikuwa bado mchanga. Leo upo, na Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliupitia kwa kina mwaka 2011 katika shauri la Henderson kabla ya kubadili maelekezo yanayotolewa kwa wananchi wa baraza la kesi. Sisi hatuna baraza hilo. Sheria zetu za ushahidi zinaruhusu maoni ya mtaalamu wa sayansi, lakini siamini kwamba njia yetu ni kumleta mtaalamu katika kila shauri la unyang'anyi wa kutumia silaha kwenye mahakama ya wilaya, ambako mshtakiwa mara nyingi hana hata wakili. Vinasaba navyo havitatuokoa hapo. Tanzania ina sheria yake ya vinasaba tangu 2009 na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini mtu aliyepora simu na fedha kwa kutishia panga haachi damu.

Kinachohitajika ni cha bei ndogo, na sehemu yake tayari imo kwenye kanuni za mwaka 1936. Maelezo ya shahidi yaandikwe kwa maneno yake, pamoja na maswali aliyoulizwa, badala ya muhtasari wa mpelelezi ulionyooshwa kwa lugha ya kituo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania, kwa hiyo sentensi ya shahidi inaweza kusafiri kutoka kituoni mpaka kwenye hukumu bila kupotea njiani. Gwaride liendeshwe na afisa asiyejua kabisa mtuhumiwa ni yupi, maana kanuni ya Mwango ilimwondoa mpelelezi kwenye kuendesha, lakini ilimruhusu abaki chumbani. Shahidi akishachagua, kabla mtu yeyote hajasema neno, aulizwe ana uhakika kiasi gani na jibu lake liandikwe kama alivyolitamka, hata kama ni "nadhani." Aulizwe pia kama ameona picha ya mtu huyu popote tangu siku ya tukio. Simu iliyomo mfukoni mwa afisa inatosha kurekodi zoezi zima.

Na hakimu aongeze maswali yake. Baada ya mwanga na umbali, aulize: nani alikuwa wa kwanza kukutajia jina lake? Uliambiwa nini baada ya gwaride? Maelezo yako ya kwanza yako wapi, na yanasema nini kuhusu sura yake? Jalada lisipokuwa na majibu, ukosefu huo uhesabiwe dhidi ya upande uliokuwa na uwezo wa kuyaandika. Kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha lina adhabu isiyopungua miaka 30 jela nchini Tanzania. Mtu anayefungwa akiwa na miaka 24 kwa sababu shahidi mkweli alikosea atatoka, rufani yake ikishindwa na akitumikia miaka hiyo yote, akiwa na miaka 54, na mwenye panga atakuwa huru muda huo wote, mtaa uleule.